Kurudi Minnesota Katikati ya Januari

Safari ya Desemba ya kwenda kuwaona wazazi Afrika Mashariki huwa tunaipanga kwa miezi. Nani atapelekewa simu, nani viatu, harusi ya binamu itaangukia wiki ipi, mabegi yatabeba kilo ngapi. Safari ya kurudi tunaipanga kwa kutazama bei ya tiketi tu. Ndiyo maana kila Januari watu wetu hutua uwanja wa Minneapolis–Saint Paul Jumapili usiku wakiwa wamevaa makubazi, koti limebaki kabatini Brooklyn Park, na Jumatatu alfajiri wanatakiwa kazini kuhudumia wagonjwa na wazee. Nimeishi jimbo hili muda wa kutosha kuyaona yanayofuata: gari linalokataa kuwaka, bomba lililopasuka ghorofa ya chini, mtoto aliyelazwa kwa homa ambayo kila mtu aliidhania mafua. Mengi kati ya hayo yanazuilika. Naandika nikiwa hapa Minnesota, lakini walioko Toronto, Columbus, Portland ya Maine au Oslo nao wachukue linalowafaa.

Naanza na homa, kwa sababu ndiyo inayoua.

Januari ni msimu wa mafua makali huku. Ukiingia zahanati una homa, kichwa kinauma na viungo vimelegea, daktari wa Minnesota atafikiria mafua kwanza, na mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini wewe umetoka Mwanza, Kigoma, Kisumu, Kilifi au Dar es Salaam, na mbu aliyekuuma wiki ya mwisho ya likizo hakukuaga. Malaria aina ya falciparum kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na siku 30 baada ya kuumwa, yaani wakati ambapo mabegi yameshafunguliwa na safari imeanza kusahaulika. Ziko aina nyingine zinazoweza kujificha mwilini kwa miezi kabla ya kuamka. Marekani hupata wagonjwa wa malaria wapatao 2,000 kwa mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa nje ya nchi, na kundi kubwa miongoni mwao ni watu kama sisi, waliokwenda kuwatembelea ndugu.

Sababu ya kuwa wengi wetu iko wazi. Tumekua na malaria, tukaizoea, na tunaamini haituwezi. Kinga ile ya utotoni hupungua mtu akikaa miaka bila kuumwa na mbu wenye vimelea, na watoto wetu waliozaliwa huku hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Kwa hiyo bibi wa kijijini anaweza kuugua siku mbili akapona, mjukuu wake wa Minneapolis akaishia chumba cha wagonjwa mahututi kwa vimelea vilevile. Wako wanaojipa moyo kwamba walifikia Nairobi, ambako malaria ni chache. Ni nani anayekwenda Nairobi asifike ushago?

Basi fanya hivi. Kama daktari alikupa dawa za kinga, zimalize. Dawa ya atovakwoni na proguanili huendelea kumezwa siku 7 baada ya kutoka eneo la malaria, na doksisaiklini au meflokwini huendelea wiki 4. Watu wengi huacha siku wanayopanda ndege, na hapo ndipo kinga inapovunjika. Halafu kwa mwaka mzima baada ya safari, homa yoyote ya mtu yeyote mliyesafiri naye ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Nenda siku hiyohiyo, usingoje miadi ya wiki ijayo. Kama zahanati imefungwa nenda idara ya dharura. Sentensi ya kwanza mdomoni iwe hii: nimetoka Tanzania wiki mbili zilizopita, naomba nipimwe damu malaria sasa hivi. Iseme kwa mpokezi, irudie kwa muuguzi, irudie kwa daktari. Ikiwa mama yako mzee ndiye mgonjwa na Kiingereza kinampa shida, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinapaswa kumpatia mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mwombeeni, msimtumie mtoto wa miaka 10 kutafsiri. Na ile dawa mseto uliyonunua duka la dawa Kariakoo ukaiweka akiba isichukue nafasi ya kipimo. Falciparum ikipewa siku tatu za kubahatisha inaweza kuharibu figo na ubongo.

Kama watoto waliogelea Ziwa Victoria, jambo la kawaida kabisa kwa anayekwenda Ukerewe au Homa Bay, mweleze daktari pia habari ya kichocho. Kipimo cha damu huonyesha vizuri miezi miwili hivi baada ya kuingia majini, na kuna tiba, prazikwanteli, inayofanya kazi vizuri ikitolewa kwa wakati wake.

Sasa baridi yenyewe. Dar es Salaam mwanzoni mwa Januari mchana hufika nyuzi joto 31 au 32. Minneapolis, katika Januari ya kawaida, usiku hushuka hadi nyuzi 13 hivi chini ya sifuri na mchana haupandi juu ya sifuri. Maana yake mwili wako unavuka tofauti ya nyuzi zaidi ya 40 ndani ya siku moja. Na hiyo ni Januari ya kawaida. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, upepo ukaifanya ihisiwe mbaya zaidi, na hata posta ikasimamisha kupeleka barua. Mtu aliyekaa mwezi mzima kwenye joto mwili wake umeshajizoesha joto, na siku za kwanza baridi humchoma kuliko ilivyomchoma Novemba. Usidhani umezeeka au umeishiwa damu. Mwili unahitaji wiki moja au mbili kuzoea tena, na katika muda huo uuvalishe kana kwamba nje ni baridi zaidi ya ilivyotangazwa.

Koti lisafiri na wewe. Najua linachukua nafasi ya unga, majani ya chai na vitenge, lakini begi lililosajiliwa linaweza kubaki Amsterdam, Doha au Addis Ababa kwa siku tatu, na wewe unatoka mlangoni saa nne za usiku ukiwa na fulana. Kwenye begi la mkononi weka koti linalokunjika dogo, kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi nene za sufu na suruali ya ndani ya kubana. Kila mtoto awe na vyake kwenye begi lake mwenyewe. Badilisheni nguo kwenye uwanja wa mwisho mnaobadilishia ndege, kabla ya kupanda, maana choo cha ndege hakitoshi mama na watoto wawili. Viatu viwe vya kufunika mguu. Kama kuna atakayekuja kuwapokea na ana ufunguo wa nyumba yenu, mwombeni aje na mabuti.

Kuvaa kwenyewe wengi tunakujua, ila baada ya mwezi wa kanga na kaptula tunasahau. Nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho hukaa na maji na kukupoza. Sufu au kitambaa cha michezo ni bora. Juu yake sweta, na juu kabisa kitu kinachozuia upepo. Glavu zinazoweka vidole vinne chumba kimoja hutunza joto kuliko zile za kidole kimoja kimoja. Upepo wa kilomita 24 kwa saa ukikutana na nyuzi 18 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na anayeganda huanza kwa ganzi, hivyo hajui. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu unaotajwa kwenye matangazo. Tafuta sehemu iliyopauka kama majivu, ngumu, isiyosikia mguso. Ipashe kwa maji ya uvuguvugu. Usiisugue, wala usiiweke karibu na moto, kwa sababu sehemu iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kusikia.

Jambo moja la watoto nalisisitiza kwa kila mzazi. Mtoto asifungwe kwenye kiti cha gari akiwa amevaa koti nene. Koti hulegeza mkanda pasipo wewe kuona, na gari likigonga, unene ule hunywea na mtoto anaweza kuchomoka. Mvue koti, mfunge mkanda ukaze kifuani, kisha mfunike kwa blanketi au umvalishe koti lake kinyumenyume juu ya mkanda. Pale uwanjani, watu wamechoka na wanataka kufika, ndipo kanuni hii huvunjwa kila mara.

Nyumba nayo inataka kufikiriwa tangu Desemba. Wako wanaozima hita kabisa ili kuokoa pesa za mwezi mmoja. Hiyo akiba huliwa na bomba la kwanza litakalopasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, bomba linapasuka kimyakimya, na barafu inapoyeyuka ndipo sakafu, kuta na mazulia yanapolowa, huku mwenye nyumba yuko Moshi kwenye kipaimara cha mpwa wake. Acha joto lisiloshuka chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti kwenye kidhibiti, yaani karibu 13 za Selsiasi. Funga valvu kuu ya maji, fungua mabomba yamwage yaliyobaki, na acha wazi milango ya kabati chini ya sinki ili hewa ya joto ifike. Mpe ufunguo mtu unayemwamini aingie kila baada ya siku chache, na asiishie sebuleni. Ashuke hadi chini zilipo mashine. Wakati huohuo muulize mtu wa bima yako masharti ya nyumba iliyoachwa tupu, kwa maana mikataba mingine hudai ukaguzi wa namna hiyo.

Unapofika, usivue viatu upesi. Pita chumba kwa chumba, sikiliza maji, tazama dari, gusa vyombo vya kupashia joto. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kupiga simu ndani. Toeni watoto, mpige simu mkiwa nje. Ukifungua bomba lisitoe kitu, huenda limeganda. Liache wazi, lipashe kwa kifaa cha kukaushia nywele ukianzia upande wa mdomo wa bomba na kurudi nyuma, na kama huoni mahali palipoganda mwite fundi. Usitumie moto. Zunguka nyumba pia utazame mabomba ya hita yanayotokea ukutani: theluji ya mwezi mzima ikiyaziba, moshi hurudi ndani.

Moshi huo ndio unaonifanya niseme kwa uzito zaidi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inakupa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi, dalili ambazo mtu aliyetoka safarini atazisingizia uchovu. Ikiwa nyumba nzima inaumwa kichwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani, piga 911. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha gesi hiyo karibu na kila chumba cha kulala, basi ukifika kibonyeze ujue kama betri zipo. Usiwashe gari likanguruma ndani ya banda, hata kama mlango wa banda uko wazi. Na jiko la mkaa, hata umeme ukikatika, hata baridi ikizidi, hata mlipe jina la kupasha chumba kidogo tu, lisiingie ndani. Nyumbani tumelala na jiko la mkaa kwenye vyumba vyenye madirisha ya nyavu na bati lenye nafasi. Nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili zitunze joto, na hutunza sumu vilevile.

Gari likikaa mwezi mzima nje, tarajia betri iliyokufa. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Rafiki akiweza kuliendesha nusu saa kila wiki, vizuri. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakusaidii sana. Matairi nayo hupungua upepo kadiri baridi inavyoongezeka, kwa hiyo jaza kabla ya kuingia barabara kuu. Kama unaegesha barabarani Minneapolis au Saint Paul, usiliache gari hapo ukasafiri. Theluji ikianguka sana jiji hutangaza dharura ya theluji, kanuni za kuegesha hubadilika ili magreda yapite, na gari lililozuia huburutwa hadi maegesho ya jiji, ambako kila siku ina malipo yake. Futa theluji yote, pamoja na ya juu ya paa, na uhakikishe bomba la moshi la gari halijazibwa kabla ya kuwasha. Barabarani, kile kinachoonekana kama lami iliyolowa huenda ni barafu nyembamba, hasa juu ya madaraja. Acha nafasi kubwa mbele yako, na breki uiguse mapema na kwa upole.

Lakini siku ya kuwasili usiendeshe kabisa. Kati ya Nairobi na Minneapolis kuna tofauti ya saa 9. Saa nane mchana huku ni saa tano usiku kule, na mwili wako bado uko kule. Siku za mwanzo usingizi utakukamata kwa nguvu kuanzia mchana hadi jioni, kisha saa nane za usiku utakuwa macho makavu. Mwili husogea kama saa moja hivi kwa siku, kwa hiyo hesabu wiki moja na zaidi kidogo kabla ya kukaa sawa. Kinachousogeza zaidi ni mwanga. Mapema Januari jua la Minneapolis huchomoza saa mbili kasorobo hivi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, yaani mchana wa karibu saa 9 tu, kwa hiyo toka nje kati ya saa saba na saa kumi, hata kama ni kuzunguka mtaa mara mbili, na ukirudi ndani washa taa zote hadi saa mbili za usiku. Kulala mchana kusizidi nusu saa.

Kwa wanaofanya kazi za zamu, na sisi ni wengi, hesabu hii ya saa ina faida ambayo watu hawaitumii. Zamu ya usiku, saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, kwa mwili uliotoka Afrika Mashariki ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Ni mchana mtupu. Kama kazi yako ni ya usiku, endelea nayo na ulale mchana, huna haja ya kujigeuza kwa ajili ya wiki moja. Zamu ya asubuhi nayo inavumilika, kwa kuwa utaamka mapema bila kengele. Zamu mbaya kuliko zote ni ile ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, ambayo kwa mwili wako inaanzia saa sita za usiku na kuishia saa mbili asubuhi. Usiikubali wiki ya kwanza. Unashika dawa za watu, unanyanyua wagonjwa, halafu unaendesha kurudi nyumbani juu ya barafu ukiwa na usingizi wa alfajiri. Msimamizi anayejua mambo haya mapema huweza kupanga. Anayeambiwa Jumatatu asubuhi hawezi. Kwa vyovyote, weka siku mbili au tatu za bure kati ya kutua na kazi, hata kama itabidi kuondoka Dar kabla ya sherehe ya mwisho. Ndugu watanuna kidogo, kisha watakuelewa.

Siku hizo za bure usizimalizie kwenye theluji. Minneapolis inamtaka mwenye nyumba ya familia moja asafishe njia ya waenda kwa miguu ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma, na wanaume wetu hutoka na koleo asubuhi ya kwanza, miguu bado imevimba kwa kukaa kwenye ndege. Theluji iliyolowa ni nzito, baridi hubana mishipa ya damu, na kazi ile ya ghafla huuchosha moyo kupita kiasi, hasa kwa mwenye presha au aliyevuka miaka 45. Mlipe kijana wa jirani, au mpange na rafiki tangu Desemba. Na mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi zikikata, wahi hospitali siku hiyo. Damu inaweza kuwa imeganda mguuni kwa ajili ya safari ndefu.

Ngozi itakauka, midomo itapasuka, na watoto huweza kutoka damu puani. Paka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, na usioge maji ya moto sana kwa muda mrefu ingawa yanatamanika. Kuhusu vitamini D, jua la Minnesota wakati huu haliwezi kuitengeneza ngozini hata ukikaa nje kutwa, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ya nyeupe. Muulize daktari akupime, kisha umeze kiasi anachokuambia; dozi kubwa za kujipangia zina madhara.

Pesa huwa zimekwisha, hilo hatuwezi kulikwepa. Umelipa ada za wapwa, umechangia msiba, umeacha kitu mkononi mwa mama, na huku bili ya gesi imefika. Usijifiche. Minnesota ina kanuni inayokulinda usikatiwe huduma ya kupasha nyumba joto kati ya Oktoba 1 na Aprili 30, lakini hailindi anayekaa kimya: lazima uipigie simu kampuni, mkubaliane malipo unayoyaweza, na uyatimize. Upo pia mpango wa msaada wa nishati kwa kaya zenye kipato kidogo, na wafanyakazi wengi wa kipato cha chini wanastahili bila kujua. Piga simu kabla bili ya pili haijafika.

Nimebakiza huzuni, na sitaipitia haraka, kwa sababu naona watu wakiibeba peke yao. Umemwacha baba ambaye safari hii alitembea kwa fimbo. Umeagana na mama uwanjani huku kila mmoja akikwepa kusema analofikiria. Kisha unatua mahali ambapo saa kumi na moja jioni ni giza, majirani wamejifungia, na hakuna anayepita kusema hodi. Juu ya hayo yote mwili wenyewe unakosa mwanga: daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza mwaka 1984 ugonjwa wa huzuni unaorudi kila majira ya baridi, na ni ugonjwa kweli, unaotibika. Majonzi ya kuachana na wazazi na ugonjwa huu hukutana Januari, na aliye ndani yake hawezi kuvitenganisha.

Wiki hizo usifanye uamuzi mkubwa. Usiache kazi, usikope kununua kiwanja Bagamoyo kwa sababu umeapa kurudi mwaka huu, usitangaze kwenye kundi la familia kwamba unahamia. Mipango hiyo inaweza kuwa mizuri. Iandike, uisome tena Aprili. Kwa sasa panga watu. Mwalike mtu chakula wiki ya kwanza ungali na viungo ulivyokuja navyo, nenda kanisani au msikitini hata kama barabara inachosha, kubali mwaliko wa kwanza utakaotolewa. Jipe mwanga: baada ya usingizi kukaa sawa, taa maalumu ya luksi 10,000, dakika 30 kila asubuhi, huwasaidia wengi, ila mwenye ugonjwa wa macho au wa kupanda na kushuka kwa hisia aanze kwa daktari. Huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, chakula kikakosa ladha, ukawa huamki, nenda kwa daktari kama ambavyo ungekwenda kwa ajili ya kifua. Na likikujia wazo la kujidhuru, piga 988, mchana au usiku, hawatakuuliza makaratasi.

Simu ya nyumbani nayo ipangiwe saa. Simu zisizo na mpangilio huishia kukatwa katikati, na mzazi hubaki akidhani umekasirika au unaumwa. Saa tano asubuhi ya Minneapolis ni saa mbili usiku Dar na Nairobi: wameshakula, umeme mara nyingi upo, wajukuu wako karibu. Chagua siku mbili za wiki na uzishike. Jumapili ya pili ya Machi saa za huku husogezwa mbele na tofauti inakuwa saa 8. Ukiendelea kupiga saa tano yako, kwa mama itakuwa saa moja ya jioni, bado yuko jikoni. Mwambie wiki moja kabla.